Kojani imezungukwa na bahari. Kwa nini mvuvi wake aende dago kuvua bahari ya wengine?

#1 Mjukuu wa Kojani

Wakuu, salaam.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mvuvi wa Kojani. Kwa asiyeijua, Kojani ni kisiwa kidogo upande wa mashariki wa Pemba. Nyumba zimebanana, vichochoro havipishi watu wawili wenye mizigo, na ukitoka mlangoni hatua chache tu uko majini. Mtu huyu aliyezaliwa na bahari kizingitini alitumia karibu nusu ya umri wake akivua kwenye bahari za watu: Mafia, Kilwa, Tanga, mpaka Vanga kule Kenya. Alikuwa akienda dago, yaani kambi ya uvuvi ya muda ugenini. Miezi mitatu, minne, mara nyingine mitano. Anarudi, anafunga Ramadhani na watoto wake, anakula Idi, halafu asubuhi moja unamkuta kajikunyata pwani anashona tanga.

Wiki mbili zilizopita tulifungua mkoba wake wa ukindu. Ndani mlikuwa na sindano ya mti ya kushonea nyavu, chubwi mbili za risasi za kuzamishia mshipi, miwani ya kuzamia ambayo kioo chake kimeshikizwa kwa mpira wa tairi, na barua ya utambulisho iliyokunjwa mara nane. Wino umekwenda na maji ya chumvi. Umebaki muhuri tu.

Alifia dago. Baba alituambia amezikwa Bwejuu, karibu na mkwaju. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulifika kaburi.

Siku hizi nasikia vijana wakizungumzia kufanya kazi huku unahamahama kana kwamba ni jambo lililozaliwa na intaneti. Wazee wetu wameishi hivyo vizazi na vizazi. Ninachotaka kujua ni kwa nini. Wenye kujua, au mliokwenda wenyewe, nielezeni.

#2 Nanga Chini

Naweka kambi hapa, uzi mzuri.

Jibu ni upepo, mkuu. Kojani iko mashariki, inaitazama bahari kuu. Kusi likishika, kuanzia Aprili au Mei mpaka Septemba hivi, mawimbi yanapiga upande ule bila huruma na vyombo vidogo havitoki. Utakaa unahesabu ukucha? Lazima utafute pahala penye kivuli cha kisiwa kingine. Halafu wazee walisafiri kwa tanga. Kaskazi linakusukuma kusini, unateremka Mafia na Kilwa. Kusi linakurudisha nyumbani. Upepo ndio uliopanga ratiba, binadamu alifuata.

#3 Wa Vanga

Nanga Chini, shukrani, lakini hapo kuna jambo halikai sawa. Huku kwetu Vanga, Shimoni na Gazi, hawa ndugu zetu wa Pemba waja wakati wa kaskazi. Yaani wakati ule ule ambao bahari yao ya mashariki imetulia na wangeweza kuvua kwao. Na kutoka Pemba kuja huku ni kuvuka mkondo kuelekea magharibi, upepo wakupiga ubavuni tu, haukusukumi. Siku hizi wana mashine, tanga hulioni. Lau ingekuwa ni upepo pekee, dago lingekufa siku ya kwanza walipofunga injini.

#4 Mkunazi

Mjukuu, pole kwa babu. Lakini Bwejuu mbona si mbali? Panda daladala pale mjini, ukipita Paje umefika. Pwani yote ile sasa imejaa wageni wenye kompyuta, mchana wanafanya kazi za kwao huko Ulaya, jioni wanaogelea. Uliza wazee wa kijiji, kaburi litajulikana.

#5 Mwalimu wa Kisiwa

Mkunazi, hiyo ni Bwejuu ya Unguja. Mvuvi wa Kojani anayekwenda Mafia anamaanisha Bwejuu ya Mafia, kisiwa kidogo upande wa magharibi, baina ya Kilindoni na delta ya Rufiji. Ni kambi ya wavuvi tangu zamani. Majina ya pwani yetu yanajirudia sana, hata Chole iko zaidi ya moja.

#6 Mkunazi

Nimesahihishwa, asante mwalimu. Nimejifunza kitu leo.

#7 Chelezo

Nimekwenda dago misimu sita, ya kwanza nikiwa na miaka 15. Niseme ninachokijua kwa mwili wangu.

Uvuvi wetu ulikuwa wa mtando. Msioujua mnadhani uvuvi ni mtu mmoja na ngalawa yake. Mtando ni jeshi. Tulikuwa 26 katika vyombo viwili. Nahodha anasimama omo, anatazama maji. Hatazami samaki, anatazama rangi ya maji. Akiinua mkono kila mtu ananyamaza, hata kukohoa hukohoi. Wazamiaji wanashuka na wavu kuuzungusha kwenye mwamba, kimya kabisa. Wengine tunakaa mbali katika nusu duara. Akitoa ishara tunaanza kupiga maji, tunapiga kelele, tunaogelea kuwaswaga samaki waingie wavuni. Chini unaona changu, chewa na kangu wanakimbia kama mbuzi walioona moto. Masikio yanauma, macho yamekuwa mekundu, na hiyo ni mara ya kwanza. Kwa siku tunarudia mara tano, sita.

Sasa hesabu mwenyewe. Mwamba mmoja ukishaupiga mtando leo, kesho hauna kitu, na keshokutwa hivyo hivyo. Samaki wanakimbia, waliobaki wanajificha. Uvuvi wa watu 26 unakula mwamba haraka kuliko mwamba unavyojaza. Kwa hiyo wavu wenyewe ndio unaokuhamisha. Ukitaka kukaa kwako mwaka mzima, vua kwa mshipi au dema, ule mtego wa kusuka. Ukitaka mtando, uwe tayari kulala kwenye mchanga wa watu.

Hilo ni moja. La pili watu hawalisemi hadharani. Nyumbani samaki hawauziki. Ukishuka na tenga, shangazi yupo, mjomba yupo, jirani aliyekulea yupo, na kila mmoja anataka kitoweo na huwezi kumnyima, wala si uungwana kumnyima. Unafika kwako na samaki wawili na huna hata shilingi. Dago hakuna shangazi. Samaki wote wanapimwa, fedha inakaa. Nilijenga nyumba kwa dago. Kwa Kojani nisingejenga banda la kuku.

#8 Tanga Jipya

Chelezo haya ni madini matupu. Nimeisoma mara mbili.

#9 Risasi ya Mshipi

Chelezo, heshima kwako kaka, lakini umemsahau tajiri. Chombo ni chake, wavu ni wake, mashine ni yake. Kabla hamjaondoka anakupa kiasi cha kumwachia mama watoto. Hilo ni deni, na linaandikwa. Mkifika kule mnakula kwa deni, mnatia mafuta kwa deni. Mwisho wa msimu mnatoa gharama kwanza, kinachobaki kinakatwa nusu, nusu ya chombo na wavu, nusu yenu wote 26. Msimu ukiwa mbaya unarudi unadaiwa, na njia pekee ya kulipa ni kwenda msimu ujao na tajiri yule yule. Kaka yangu mkubwa alikwenda miaka tisa mfululizo hivyo. Hakuwa anafuata samaki wala upepo. Alikuwa anafuata daftari.

#10 Chelezo

Risasi ya Mshipi, ni kweli, siwezi kukataa. Mimi nilibahatika, tajiri wetu alikuwa mjomba wangu na alikuwa mkweli. Lakini niliwaona wa kambi ya pili wakiondoka usiku kwa kushindwa kulipa.

#11 Binti Mwani

Assalam alaikum. Nimewasoma ndugu zangu wote na nashukuru, ila hapa naona wanaume wanaozungumza juu ya wanaume. Na sisi tuliobaki?

Baba yangu alikuwa wa dago. Asubuhi ya kuondoka mama hakuwa anakwenda pwani. Alikuwa anafagia uwanja, anafagia tena, mpaka mchanga unaonekana mistari kama umechanwa na kitana. Tukijua hapo baba kaondoka. Matumizi aliyoacha yalikuwa ya mwezi na nusu, safari ni miezi minne. Hesabu inayobaki ni ya mama. Tulichukua mchele dukani kwa daftari, mwenye duka alikuwa akituuliza habari za upepo ili ajue kama baba atarudi na kitu. Akija mvuvi yeyote kutoka kule, mama alikuwa anampokea kama mgeni wa Idi, kwa sababu huenda kabeba bahasha. Mara nyingine kabeba. Mara nyingine kabeba salamu tu.

Na msione haya kulisema la wake wa dago. Wapo wanaume walioa kule, wakazaa kule, huku wanarudi kwa zamu. Wapo waliotoweka kabisa. Mke wa jirani yetu alisubiri miaka mitatu ndipo akaenda kwa kadhi. Mumewe alikuwa hai, ana nyumba, ana watoto wapya.

Kilichotugeuza sisi ni mwani. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, halafu kikaingia Pemba. Mama alipoanza kufunga mbegu kwenye kamba na kupata fedha yake mwenyewe, daftari la dukani lilifutwa. Msimu mmoja baba alirudi mikono mitupu, akakaa barazani kainamisha kichwa, na mama akamwekea wali na akamwambia tu, "Karibu chakula." Kesho yake nilimkuta baba yumo majini na mama wanavuta kamba pamoja. Hakuacha dago, alikwenda tena. Lakini hakwenda tena kama mtu anayefukuzwa.

Kwa hiyo Mjukuu, mimi naamini wengi walikwenda kwa sababu nyumbani hapakuwa na shughuli nyingine ya fedha. Kojani haina ardhi ya kulima ya kutosha watu wake. Ni hivyo tu.

#12 Mjukuu wa Kojani

Binti Mwani, umenikumbusha bibi. Na yeye alikuwa na tabia ya kufagia. Sikuwahi kuunganisha mpaka leo. Nashukuru sana.

#13 Karabai

Mimi ni wa ziwani, Ukerewe, naomba nichangie. Huku kwetu hatusemi dago, tunasema kambi, na pwani ya kushushia samaki tunaita mwalo. Lakini maisha ni yale yale. Wavuvi wa dagaa wanafuata mwezi. Giza likiwa nene ndio kazi, unawasha karabai (siku hizi ni taa za betri na sola), dagaa wanakusanyika kwenye mwanga. Mbalamwezi likijaa, kazi inasimama, watu wanashona nyavu au wanarudi nyumbani siku chache. Mtu anavua Ukara mwezi huu, mwezi ujao yuko Goziba, kisiwa cha mbali kule Muleba. Anafuata alikosikia kwa simu kwamba dagaa wametoka.

Tofauti ninayoiona ni kwamba kwetu kambi ina wanawake wengi. Wanaoanika dagaa kwenye mchanga na kwenye chanja, mama lishe, wauza nguo. Ni mji mzima unaohama. Dagaa wakipungua unakuta mabati yameng'olewa, kumebaki nguzo na majivu.

#14 Tandiboi Mstaafu

Tofauti na sisi wa malori ni chumvi tu. Nimekaa Tunduma siku tano kwenye foleni ya mpakani, Kasumbalesa siku tisa, naoga kwa dumu, napika chini ya tela. Yule aliyesema kwa shangazi samaki hawauziki kanigusa. Nikiwa barabarani naweka akiba, nikifika nyumbani wiki moja imekwisha. Samahani kwa kutoka nje ya mada.

#15 Nanga Chini

Hujatoka, Tandiboi. Uko kwenye dago la lami.

#16 Wa Vanga

Nirudi kwa hawa waliohamia moja kwa moja. Babu zao walikuja dago, msimu mmoja ukazaa mwingine, wakaoa, wakazikana huku. Vanga, Shimoni, Kilifi, Malindi hadi Lamu kuna familia za Wapemba za kizazi cha tatu na cha nne. Watoto wao walikuwa hawana kitambulisho, hivyo hawawezi kusajili chombo, hawawezi kufungua akaunti, laini ya simu waomba jirani. Mvuvi asiye na kitambulisho akikamatwa baharini hana wa kumtetea. Mwaka 2017 serikali yetu ikawatambua, alhamdulillahi.

#17 Mwalimu wa Kisiwa

Wa Vanga, hapo umechanganya kidogo. Wa 2017 ni Wamakonde, wale walioandamana kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi Oktoba 2016. Wapemba wa Kenya walitambuliwa 2023. Na si wote waliokuja kwa dago. Wapo waliokimbia baada ya Mapinduzi ya 1964, na 2001 tena wengine walivuka kwenda Shimoni baada ya vurugu za kisiasa za Januari kule Pemba.

#18 Wa Vanga

Sahihi mwalimu, ni 2023, nimeteleza. Hata nilikuwa kwenye sherehe ya jirani yangu alipopokea kadi yake. Mzee wa miaka 70 na zaidi. Aliishika kwa mikono miwili, akaitia mfukoni, akaitoa, akaitazama tena.

Lakini pia niseme la upande wetu sisi wenyeji, na nalisema kwa mapenzi. Wageni wa dago wakija na ringineti, ule wavu mkubwa wa kuzungushia samaki, chombo kimoja huteka kwa usiku mmoja kile ambacho sisi wa mshipi na dema twakipata kwa wiki kadhaa. Bei sokoni yaanguka. Juya, wavu wa kukokota, kwetu lilipigwa marufuku 2001, na bado wapo wajao nalo. Sasa lazima waje na barua za kwao, wajisajili kwa kamati ya pwani, walipe ushuru. Wakifuata hilo twala nao sahani moja. Wasipofuata ndipo nyavu huchomwa na watu hurushiana maneno.

#19 Chelezo

Tulikuwa na barua siku zote. Hiyo aliyoikuta Mjukuu kwenye mkoba ndiyo yenyewe. Kazi ya kwanza ya nahodha akifika si kushusha nyavu, ni kupanda kwa mwenyekiti wa kijiji na barua mkononi na samaki wa kwanza. Anaonyeshwa pa kujenga kibanda, kisima cha kutumia, na miamba ya kutoguswa. Asiyefanya hivyo ni mwizi, hata kwetu tunamwita hivyo.

#20 Risasi ya Mshipi

Lakini kuna mahali barua haikusaidii. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilipoanzishwa mwaka 2000, miamba mingi ya wazee wetu ikafungwa kwa mgeni. Kaka yangu alifukuzwa Jibondo na chombo chao chote.

#21 Mwalimu wa Kisiwa

Mafia ni 1995, ndiyo hifadhi ya bahari ya kwanza nchini, kwa sheria ya 1994. Ya 2000 ni ile ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma kule Mtwara. Ila hoja yako inasimama. Ndani ya hifadhi wenyeji wanaruhusiwa kwa masharti, mgeni nafasi yake imebanwa. Na mimi naunga mkono hifadhi, kwa sababu baruti na vigumi (nyavu za kukokota) vimevunja matumbawe ambayo watoto wetu hawatayaona. Lakini hakuna aliyemuuliza mvuvi wa dago, kwa kuwa mwenye kuhama hana kijiji cha kuitishia mkutano.

#22 Tanga Jipya

Swali dogo. Ni dago au ago? Babu yangu wa Nungwi alikuwa akisema "wamekwenda ago".

#23 Nanga Chini

Kote ni kambi ya muda. Mimi nimesikia ago kwa wazee wengi wa Unguja, dago kwa Wapemba. Nadhani ni neno moja lililovaa kanzu mbili.

#24 Karabai

Na mimi naona dago linabeba zaidi ya kambi. Mtu anasema "yuko dago", kama anavyosema "yuko safari". Kwetu ukisema "yuko kambi" watu wanauliza kambi ipi.

#25 Binti Mwani

Mama yangu akiulizwa mumeo yuko wapi, alikuwa anajibu "dago" na kugeukia shughuli zake. Hakuwa anataja mahali. Pengine hata hakuwa anapajua.

#26 Nanga Chini

Nirudi kwenye swali la mwanzo. Wa Vanga amenitikisa, nakubali upepo hautoshi. Lakini nataka kumuuliza Chelezo. Ungekuwa na fedha, na shangazi hayupo, na huna deni, usingekwenda?

#27 Chelezo

Ningekwenda. Nakwambia kweli. Msimu wa kwanza nililia usiku chini ya tanga nisionekane. Msimu wa pili nilikuwa wa kwanza kufika chomboni. Kijana ambaye hajawahi kwenda dago, kwetu hata kuposa anaona haya. Na kuna kitu cha kule sijakipata kwingine. Bamvua limekwisha, maji mafu, hakuna kuvua, mmekaa 26 mnashona nyavu, mmoja anasimulia, chai ya tangawizi kwenye sufuria nyeusi, ng'onda zimeanikwa zinanuka. Siku hizi goti haliniruhusu. Upepo ukigeuka silali.

#28 Risasi ya Mshipi

Kaka yangu naye anasema hivyo hivyo, na deni lote lile. Mimi simwelewi mpaka leo.

#29 Wa Bwejuu

Salaam. Nimejiunga leo kwa sababu ya uzi huu, nimetumiwa na shemeji yangu.

Mimi naishi Kilindoni lakini nimezaliwa Bwejuu, ya Mafia. Makaburi ya wageni yapo, upande wa nyuma ya kambi. Mengi hayana maandishi, yamewekewa mawe ya matumbawe kichwani na miguuni. Mkwaju ulikuwepo, ulianguka, kimebaki kisiki. Kuna kaburi karibu nalo ambalo marehemu mama yangu alikuwa akilipalilia kila kabla ya Ramadhani, anasema ni la mzamiaji kutoka Pemba, aliumwa homa siku tatu, wenzake walikuwa hawajarudi kutoka baharini, akazikwa na wanakijiji. Jina sikulijua. Yule bwana alikuwa na kidole kimoja pungufu mkono wa kushoto?

#30 Mjukuu wa Kojani

Cha shahada. Kilikatwa na kamba ya nanga.

Ndugu yangu, nielekeze namna ya kufika. Nakuja na baba.

#31 Wa Bwejuu

Teremka mpaka Nyamisati, boti za Kilindoni zinaondoka kwa maji, si kwa saa, kwa hiyo lala pale usiku mmoja. Kilindoni nitawapokea mimi. Msije sasa, kusi limeshika na mzee atasumbuka. Subirini upepo wa matlai, Oktoba. Mimi nitakata majani na kuweka alama.

#32 Chelezo

Mjukuu, mkienda nijulishe. Goti au si goti.